Seva 'imezidiwa'? Kabla ya kulipia kifurushi kikubwa, mjue kwanza anayekula

Ni asubuhi Chake Chake. Kijana anayesimamia tovuti ya nyumba ya wageni anawasha data, na barua pepe zinaingia mfululizo. Tano, kumi, kumi na tano. Zote zina ujumbe mmoja: matumizi ya seva yamepita kiasi.

Kabla hajamaliza kusoma, simu inaita. Ni mwenye nyumba ya wageni. Mgeni aliyeko Muscat ameshindwa kufungua ukurasa wa kuweka nafasi, na sasa anaulizia kwengine.

Hali hii inaweza kumkuta yeyote anayesimamia tovuti kisiwani Pemba, iwe ya skuli, duka, jumuiya au kampuni ya utalii. Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayekimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi, na kuna anayezima arifa ili apumzike na kelele.

Mara nyingi yote mawili ni makosa. Ujumbe ule si hukumu kwamba tovuti imekufa wala uthibitisho kwamba imedukuliwa. Ni swali, na jibu lake lipo ndani ya seva yenyewe: nani anakula?

Mita moja, wapangaji wengi

Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye mita moja ya TUKUZA analijua jambo hili. Umeme ulionunuliwa jana unaisha leo. Kila mpangaji anaapa kwamba yeye ana taa moja na chaja ya simu tu.

Kununua yuniti nyingine kunaondoa giza, lakini swali linabaki. Pengine kuna pasi inayowashwa kila saa. Pengine ni friji ambayo mpira wa mlango wake umechakaa. Hadi ajulikane anayekula, yuniti zitaendelea kuyeyuka.

Hostingi ya bei nafuu, yaani kukodi nafasi ya tovuti kwenye seva ya kampuni, iko hivyo hivyo. Kompyuta moja kubwa, ambayo pengine iko Dar es Salaam, Ulaya au Marekani, inabeba mamia ya tovuti. Ili mpangaji mmoja asiwale wenzake, kampuni humwekea kila mmoja kikomo.

Programu inayotumiwa sana kuweka vikomo hivyo ni CloudLinux. Hupima mambo manne makubwa: nguvu ya prosesa, kumbukumbu ya RAM, kasi ya kusoma na kuandika kwenye diski, na idadi ya kazi zinazoingia kwa wakati mmoja.

Kiwango chake cha kuanzia ni kiini kimoja cha prosesa, RAM ya GB 1 na kazi 20 kwa wakati mmoja. Kila kampuni hubadilisha namba hizi kulingana na bei ya kifurushi.

Ishirini si watu 20

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Wanasikia 20 wanadhani tovuti inaruhusu wageni 20 tu. Sivyo.

Anayehesabiwa ni yule ambaye seva inamhudumia kwa sekunde ile. Akishapata ukurasa wake, nafasi yake inaachwa wazi hata kama bado anausoma.

Ukurasa mmoja ukiandaliwa kwa sekunde 0.2, nafasi 20 zinaweza kinadharia kuhudumia maombi 100 kila sekunde. Ukurasa huo huo ukichukua sekunde 2, nafasi zile zile zinahudumia maombi 10 tu.

Kwa hiyo tovuti nzito hujaza foleni hata wageni wakiwa wachache. Ndiyo maana kuupunguzia ukurasa mzigo mara nyingi kunasaidia kuliko kuongeza nafasi.

Kila kikomo kina dalili yake

Wageni wanapoona namba 508 kwenye skrini, pamoja na maneno "Resource Limit Is Reached", mara nyingi maana yake nafasi za kuingilia zimejaa.

Prosesa ikifika ukomo, tovuti kwa kawaida haifi. Inaburuta miguu tu. RAM ikijaa, mara nyingi hutokea kosa la 500 au 503.

Na kama tovuti ni nzito lakini paneli ya hostingi inaonyesha matumizi madogo, huenda tatizo haliko kwenye seva kabisa. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo hata aliyelipia kifurushi kikubwa kuliko vyote asingeona nafuu.

Ujumbe wa lfd: soma mistari minne tu

Kwa waliokodi seva yao wenyewe, maarufu kama VPS, onyo mara nyingi hutoka kwa programu iitwayo lfd. Hii ni sehemu ya CSF, ngome ya ulinzi ambayo imetumika miaka mingi kwenye seva zenye cPanel.

Ujumbe wake unatisha kwa macho, lakini mistari minne inatosha.

Mstari wa akaunti unataja mpangaji, yaani tovuti au mtumiaji aliyehusika. Mstari wa rasilimali unasema kilichopita kiasi ni muda au kumbukumbu. Mstari wa amri unaonyesha programu gani hasa ilikuwa ikifanya kazi. Na mstari wa "Killed" unasema kama kazi hiyo ilikatishwa.

Mara nyingi mstari huo wa mwisho husomeka "No". Yaani lfd imeona, imeripoti, haikugusa kitu. Ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo: kupiga kelele, si kuua.

Mipaka yake ya kawaida ni kazi iliyodumu zaidi ya sekunde 1,800, sawa na nusu saa, au iliyotumia kumbukumbu zaidi ya MB 512. Kazi ya kutengeneza nakala ya akiba inaweza kupita nusu saa bila ubaya wowote.

Kuna mtego mwingine kwenye kumbukumbu. Ujumbe ukitaja "Virtual Memory", unazungumzia nafasi ambayo programu imejitengea, si lazima iwe imeitumia yote. Ni sawa na kiwanja kilichowekewa mipaka: mtu anaweza kuwa na kiwanja kikubwa na ndani yake kajenga chumba kimoja.

Ikithibitika kwamba kazi fulani ni halali na inajulikana, jina lake huandikwa kwenye faili la csf.pignore ili isipigiwe kelele tena. Huko ni kunyamazisha kengele moja iliyochunguzwa. Kuzima arifa zote ni kung'oa kengele ya nyumba nzima.

Jambo la kuzingatia: kampuni iliyotengeneza CSF, Way to the Web, ilifunga shughuli zake Agosti 31, 2025, na kuuachia umma msimbo wake chini ya leseni ya GPL. Mwenye VPS anapaswa kumuuliza fundi wake: ngome yetu sasa inasasishwa na nani?

Saa ya seva si saa ya Pemba

Kabla ya kumtafuta mhusika, lazima ijulikane tukio lilitokea saa ngapi. Seva nyingi hutumia saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu.

Ujumbe ukisema 02:10 UTC, kwa saa za huku ni saa 11 na dakika 10 alfajiri. Ukisema 21:30 UTC, huo ni usiku wa manane wa siku inayofuata, saa 6 na nusu.

Ukishapata saa sahihi, nusu ya kazi imekwisha. Onyo linalokuja kila siku wakati ule ule linaashiria kazi iliyopangwa, kama nakala ya akiba. Onyo linalokuja mchana siku ya tangazo kubwa linaashiria wageni halisi. Onyo lisilokatika usiku kucha, wakati wateja wamelala, linaashiria boti.

Watuhumiwa watano

Kwa tovuti za WordPress, anayekula mara nyingi ni mmoja kati ya hawa.

Wa kwanza ni wavamizi wa mlango. Boti zinajaribu nywila moja baada ya nyingine kupitia wp-login.php au xmlrpc.php. Hata zisipofanikiwa kuingia, kila jaribio linaifanyisha seva kazi. Kwenye ripoti ya wageni ndani ya cPanel, mafaili hayo mawili huonekana yameombwa mara nyingi ajabu. Dawa yake ni kuweka kikomo cha majaribio ya kuingia, na kuifunga xmlrpc.php kama haitumiki.

Wa pili ni boti za kukusanya taarifa. Googlebot ina faida, maana bila hiyo tovuti haionekani kwenye Google. Lakini zipo nyingine nyingi, zikiwemo za kampuni za akili mnemba kama GPTBot, ambayo OpenAI iliitangaza Agosti 2023. Faili la robots.txt linaweza kuziambia zisiingie. Ila faili hilo ni ombi, si kufuli. Boti yenye adabu hutii, isiyo na adabu huhitaji kuzuiwa kwenye ngome.

Wa tatu ni saa ya ndani ya WordPress, wp-cron. Kila mgeni anapofungua ukurasa, WordPress hujiuliza kama kuna kazi ya kufanya. Kwenye tovuti yenye pilika nyingi, hilo linakuwa mzigo. Suluhisho ni kuizima kwa mpangilio wa DISABLE_WP_CRON, kisha kupanga kazi hiyo kwenye cPanel ifanyike, kwa mfano, kila dakika 15.

Wa nne ni plagini. Kuna tovuti ina plagini za takwimu, za ulinzi, za nakala na za mapambo, na nusu yake hakuna anayekumbuka ziliwekwa kwa nini. Njia ya kumpata mkosaji ni kuzima moja, kusubiri, kuangalia grafu, kisha kuendelea na nyingine. Kuzima zote kwa mpigo hakufundishi kitu.

Wa tano ni msimamizi mwenyewe. Ukurasa wa kuhariri ukiachwa wazi kwenye kompyuta ya ofisi siku nzima, unaendelea kuipigia seva hodi kupitia admin-ajax.php kila baada ya muda mfupi. Wahariri watano wenye kurasa tatu kila mmoja ni hodi zisizokwisha.

Vipi kuhusu picha kubwa? Hizo zina kesi yake. Picha 10 za simu zenye MB 4 kila moja ni MB 40 kwa ukurasa. Mzigo wake mkubwa uko kwenye kiasi cha data kinachosafirishwa na kwenye bando la mgeni, si kwenye prosesa. Zipunguzwe, ila asilaumiwe asiyehusika.

Somo la siku ya matokeo

Wakati mwingine anayekula ni mgeni halali kabisa, na hapo ndipo maandalizi yanaonekana.

Matokeo ya NECTA ni mfano mzuri. Anayefungua ukurasa wa skuli hukutana na jedwali la kawaida: namba ya mtahiniwa, daraja, alama. Hakuna picha zinazozunguka wala mapambo. Ukurasa wa namna hiyo ni faili lililokwishaandikwa. Seva inalitoa kama lilivyo, bila kuuliza hifadhidata kila mara.

Sasa fikiria skuli ya Wete inayotaka kuweka matokeo ya mtihani wake wa ndani kwenye WordPress. Wazazi wa Pemba wanafungua, ndugu wa Unguja na Dar es Salaam wanafungua, na jamaa walioko Oman nao wanafungua, wote ndani ya nusu saa. Kila mmoja akilazimisha seva kutengeneza ukurasa upya, 508 haiko mbali.

Dawa ni keshi, yaani nakala ya ukurasa iliyoandaliwa mapema. Mgeni wa kwanza anapikiwa, waliobaki wanapakuliwa kutoka sufuria ile ile. Plagini kama WP Super Cache hufanya kazi hiyo, na kwa hostingi zenye LiteSpeed kuna LiteSpeed Cache, ambayo hutoa nakala bila hata kuiamsha PHP.

Lakini keshi ina mpaka wake. Ukurasa wa malipo au wa kuweka nafasi ya chumba haupaswi kuhifadhiwa kwenye keshi, la sivyo mgeni mmoja anaweza kuona taarifa za mwenzake.

Hata serikali huzidiwa

Mafuriko ya maombi si lazima yaletwe na watu wema. Mwishoni mwa Julai 2023, jukwaa la eCitizen la Kenya, lenye huduma zaidi ya 5,000 za serikali, liliyumba kwa siku kadhaa. Aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Eliud Owalo, alieleza kwamba kulikuwa na jaribio la kuuziba mfumo kwa maombi mengi kupita kawaida, na akasema hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika.

Somo kwa mwenye tovuti ndogo ni hili: kuongeza nguvu ya seva si ulinzi dhidi ya shambulio la aina hiyo. Anayeshambulia anaongeza maombi bure, anayeshambuliwa anaongeza seva kwa pesa. Kinachosaidia ni mlinzi wa mbele anayechuja maombi kabla hayajafika. Huduma kama Cloudflare hufanya hivyo, na ina kifurushi cha bure kinachotosha tovuti nyingi ndogo.

Tahadhari: huenda ujumbe ni wa kitapeli

Matapeli nao wanajua kwamba ujumbe wa "akaunti yako imezidi matumizi" unamshtua mtu. Wanatuma barua pepe yenye kiungo, ukibonyeza unaletewa ukurasa unaofanana na wa kampuni yako, ukiandika nywila imekwenda.

Kanuni ni rahisi: usiingie kupitia kiungo cha barua pepe. Andika mwenyewe anwani ya kampuni ya hostingi, ingia kwenye paneli, kisha fungua sehemu ya matumizi ya rasilimali. Kama kuna tatizo kweli, litaonekana pale. Grafu ikiwa tulivu wakati barua inapiga kelele, ifute barua.

Lini sasa ulipie zaidi?

Kuna wakati kifurushi kikubwa ndilo jibu sahihi. Boti zimezuiwa, keshi inafanya kazi, plagini zimepunguzwa, na bado grafu inagusa ukomo kila siku saa za wageni halisi. Hapo tovuti imekua, na nyumba imekuwa ndogo kwa familia.

Hata hivyo, kuhamia VPS si kupanda daraja tu. Ni kutoka nyumba ya kupanga kwenda kwenye nyumba yako: bomba likipasuka usiku, fundi ni wewe. Asiye na mtu wa kusasisha seva na kuangalia ulinzi ni bora abaki kwenye hostingi ya pamoja yenye kikomo kikubwa zaidi.

Na kabla ya kulipa, aiandikie kampuni maswali matatu. Kikomo gani kilifikiwa, cha prosesa, RAM au kazi zinazoingia? Kilifikiwa saa ngapi, na kwa saa ya wapi? Ni faili au anwani gani iliyoombwa zaidi wakati huo?

Kampuni inayojua kazi yake inaweza kuyajibu, kwa sababu kumbukumbu zote hizo zimo kwenye seva. Jibu likiwa ni "ongeza kifurushi" tu, bila namba hata moja, hapo mwenye tovuti ana haki ya kusita.

Turudi kwa yule kijana wa Chake Chake. Akifungua ripoti ya usiku na kukuta maelfu ya maombi kwenye wp-login.php, kazi yake ni ya asubuhi moja: kuufunga mlango, kuwasha keshi ya kurasa za kawaida, kisha kuitazama grafu. Ikishuka, mgeni wa Muscat ataufungua ukurasa wake, na mwenye nyumba ya wageni hatalazimika kulipia yuniti zilizokuwa zikiliwa na mwizi.